Kiti cha Kumi na Nne, Safu ya H

Kwa miaka kumi na tisa mama yangu mdogo alifagia ukumbi wa sinema wenye viti mia tatu na ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuketi katika kimojawapo. Kanuni ilikuwa imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa wafanyakazi, juu ya misumari ya kutundikia aproni: Mfanyakazi haketi kiti cha mteja. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, "hata akizimia", na mama mdogo alipenda kunisimulia hilo huku akicheka hadi machozi. Wakati wa kupumzika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika chumba cha fagio, mgongo wake ukiegemea bomba la maji.

Yeye ndiye aliyenilea tangu dada yake, yaani mama yangu mzazi, alipofariki. Kwa ufagio huo nilisoma chuo cha ufundi nikahitimu mambo ya umeme, na hadi leo kazi yangu ni kutandaza nyaya katika majengo mapya. Wakati wa mambo haya alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, goti la kushoto lilikuwa limeanza kumkataa, na sote wawili tulijua kwamba akitoka pale hakuna mlango mwingine utakaomfungukia. Hatukulisema. Alivaa sare yake iliyopigwa pasi, yenye jina la ukumbi lililodariziwa kifuani, na kila siku alifika kazini robo saa kabla ya zamu.

Watazamaji walimwita Mama Bisi, kwa sababu ya bisi alizokuwa akizizoa chini ya viti vyao, naye aliitikia jina hilo kama vile ndilo alilopewa siku ya kuzaliwa. Mwenzake wa zamu alikuwa mwanamke mrefu ambaye kila mtu alimwita Twiga. Kazi yao ilipimwa kwa dakika. Kati ya onyesho moja na jingine zilikuwepo dakika ishirini, basi. Mtazamaji wa mwisho akishatoka, Twiga alianzia mbele, safu ya A, na mama mdogo alianzia nyuma, safu ya P, wakakutana katikati, kwenye safu ya H. Onyesho lililofuata likichelewa, daftari la mlangoni lilionyesha limechelewa dakika ngapi, na waliojibu ni wao wawili.

Ndipo ikaja ile filamu yenye nyimbo sita za kundi la wasichana wanne.

Nililipenda kundi hilo tangu chuoni, na nilikuwa msimamizi wa ukurasa mdogo wa mashabiki wake kwenye simu, wenye watu wapatao mia nne. Filamu yenyewe, kusema kweli, ilikuwa ya kawaida: mwanamke anamtafuta kaka yake aliyepotea, anahangaika, anampata. Nyimbo ndizo zilizoibeba. Kulikuwa na wimbo wa kituo cha treni, wenye ngoma inayopigwa taratibu kama mtu anayegonga mlango asio na uhakika nao. Kulikuwa na wimbo wa barua, ulioimbwa na wawili tu. Na mwishoni, majina ya waigizaji na mafundi yakipanda kwenye pazia jeupe, ulipigwa wimbo wa sita, "Nirudishie Jioni", wa dakika sita na nusu. Mashabiki walikubaliana kwamba hakuna atakayeinuka kabla haujaisha. Waliketi gizani, kimya, na majina ya wale wasichana wanne yalipopita walipiga makofi, kisha wakakaa tena kimya hadi sauti ya mwisho.

"Hawa wenzako wana gundi makalioni?" mama mdogo aliniuliza wiki ya kwanza, akikanda goti lake kwa maji ya moto. "Filamu imekwisha. Kaka mtu amepatikana, wamekumbatiana, wamelia vya kutosha. Wanangoja nini tena, posa?"

"Wanangoja wimbo, mama."

"Si waende nao nyumbani! Mimi nabakiwa na dakika kumi na tatu na nusu, na goti lenyewe ndilo hili."

Siku ya nne uvumilivu ulimwishia, akawasha taa wimbo ukiwa katikati. Ukumbi mzima ulipiga kelele, lakini msichana mmoja wa safu ya H alimfuata hadi ukutani, akamwambia kwa adabu, "Samahani, Mama Bisi. Zima kidogo, usikilize ubeti wa pili tu. Ukiona haufai, utuwashie taa na sisi wenyewe tutakusaidia kufagia."

Alizima. Katika ubeti wa pili vyombo vyote vinanyamaza, na kabla msichana wa sauti nzito, mmoja wa wale wanne, hajaendelea, anasikika akivuta pumzi. Ni kitu cha sekunde mbili. Jioni hiyo, tukiwa tunakula, mama mdogo aliweka kijiko chini.

"Yule mtoto," alisema, "anavuta pumzi kama mtu aliyekwisha kupanda ngazi na ndoo mbili, akaona bado kuna ngazi nyingine."

Nilikuwa nimesoma mamia ya maoni ya mashabiki kuhusu pumzi ile, na hakuna aliyekuwa ameieleza hivyo.

Tangu siku hiyo alisubiri pamoja nao, amesimama mwisho wa safu ya H, ameegemea ufagio. Na wale vijana walitimiza ahadi: wimbo ukiisha, kila mmoja alitoka na takataka zake mkononi, hata Twiga akaanza kulalamika kwamba watawaachisha kazi. Ulikuwa mzaha. Tuliucheka sote.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilikwenda kutazama onyesho la saa tisa alasiri. Goti lilikuwa limevimba tangu asubuhi. Wimbo wa sita ulipoanza, nilimwona amesimama mahali pake, akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Yule msichana wa safu ya H akakipigapiga kiti kitupu kilichokuwa kando yake.

"Njoo, Mama Bisi. Njoo hapa, hakina mtu."

"Aa, wanangu, mnataka kunitafutia balaa."

"Dakika sita tu. Nani atakuona gizani?"

Aliutazama mlango. Kisha akaketi taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake, akauweka ufagio katikati ya magoti na kufumba macho. Nilikuwa safu mbili mbele yake, upande wa pembeni. Pumzi ile ilipofika, niliona naye amevuta yake. Nilitoa simu nikampiga picha.

Wakati huo ukurasa wetu ulikuwa ukikusanya shukrani za kulipelekea lile kundi: kila shabiki alete picha inayoonyesha jinsi anavyozisikiliza nyimbo za filamu. Kazi ya kuzipanga ilikuwa yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba waya usio na lebo ni hatari kwa fundi anayekuja nyuma yako. Lazima kila kitu kiandikwe kilipo, ni cha nini, na kiliwekwa lini. Niliziandikia picha zote hivyo. Ya mama mdogo ilikuwa nyeusi mno, nikaiongezea mwanga. Uso ukaonekana. Nikaongeza tena, na sare ikaonekana. Mara ya tatu, hata uzi wa maandishi ya kifuani ukasomeka, nami nikaridhika. Chini nikaandika: "Mama Bisi, mfagiaji wa ukumbi, safu ya H, kiti cha kumi na nne, onyesho la saa tisa alasiri, Jumamosi."

Nilimwonyesha kwanza. Aliishika simu mbali na macho, akatabasamu.

"Ni mimi huyu? Mbona nimetulia hivi, kama nina nyumba ya ghorofa?"

"Niwapelekee wale wasichana, mama?"

"Wapelekee. Wajue kwamba na sisi wa fagio tuna masikio."

Mlango ule wenye kanuni alinisimulia mara mia. Mara zote mia nilicheka. Wala haukunijia akilini.

Wasichana wale waliipokea. Katika picha mia mbili na zaidi walichagua hiyo moja, wakaisambaza kwa mashabiki wao wote, wakaandika kwamba hawajawahi kupata shukrani iliyowagusa namna hiyo. Kufikia asubuhi yake mioyo myekundu ilikuwa imepita elfu sitini. Watu walitoka mbali kuja kuona filamu ile katika ukumbi ule, ukajaa siku nne mfululizo. Mama mdogo alipopita na ufagio, walimpigia makofi.

Siku ya tano aliitwa ofisini. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa mambo ya simu niliyaelewa mimi. Meneja alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililochomekwa vizuri. Aliinuka alipotuona.

"Karibu kiti, mama."

"Nitasimama, baba."

"Tafadhali, keti."

"Nimezoea kusimama."

Meneja alibaki amesimama naye kwa muda, hatimaye akaketi peke yake. Alisema kwamba picha ni nzuri, na kwamba mke wake ameiweka kwenye simu yake. Lakini makao makuu wameandika. Akatusomea barua, na katikati yake nilisikia sentensi yangu, neno kwa neno: safu ya H, kiti cha kumi na nne, onyesho la saa tisa alasiri, Jumamosi. Walikuwa wamelitazama daftari la mlangoni. Jumamosi ile, onyesho lililofuata lilichelewa dakika nne.

"Onyesho lile huchelewa kila siku," nilisema. "Ni kwa sababu ya wimbo. Si yeye."

"Najua, dada. Lakini siku nyingine hazina picha." Aliikunja barua. "Isingetaja kiti na saa, ningesema ni picha ya zamani, ningesema alikuwa mapumziko, ningesema chochote. Nani aliandika maelezo haya?"

"Mimi."

"Umeandika vizuri sana," alisema, na hakuwa akinidhihaki.

Mama mdogo aliuliza jambo moja tu: kama anaweza kumalizia zamu ya siku hiyo, kwa sababu Twiga hawezi safu zote peke yake. Meneja alisema barua inasema kazi yake imekwisha kuanzia leo. Basi akaivua aproni palepale, akaikunja mara nne na kuiweka mezani. Twiga alikuwa akingoja kwenye korido. Alimkumbatia; kichwa cha mama mdogo kilifika kifuani mwake tu.

Usiku ule niliifuta picha kwenye ukurasa wetu. Ilikuwa sawa na kufuta tone moja mvua ikiwa inanyesha. Niliwaandikia mashabiki yaliyotokea, kwa ufupi na kwa ukweli, nikawaomba wasiisambaze tena. Walilia, wengi wao walilia kwa dhati, naamini hivyo. Mmoja aliandika kwamba sasa ndipo ameielewa ile pumzi. Mwingine alitengeneza video: picha ya mama mdogo ikisogea polepole kuelekea machoni, na "Nirudishie Jioni" ukipigwa chini yake. Video ikaenda mbali kuliko picha. Waliandika barua ya pamoja kwa wenye ukumbi, watu elfu tisa wakatia majina. Hakuna aliyejibiwa. Baada ya wiki mbili filamu nyingine ikatoka, yenye nyimbo za watu wengine.

Mama mdogo alizunguka kutafuta kazi: ofisi, shule, hoteli, zahanati. Palipokuwa na vijana, walimtambua kwa furaha, wakaomba wapige naye picha. Palipokuwa na wakubwa, walimtazama goti. Jioni alirudi, akaoga, na badala ya kukaa kwenye kochi aliigeuza ndoo ya kufulia akakaa juu yake, karibu na bomba. Nilimsihi. Alisema kochi linamuuma mgongo.

Kisha ikaja bahasha kutoka kwa wale wasichana wanne. Walimshukuru kwa maneno mazuri, wakatia sahihi zote nne, na ndani yake walikuwa wameweka tiketi mbili za onyesho la mwisho la filamu yao, katika ukumbi uleule. Safu ya H, kiti cha kumi na tatu na cha kumi na nne. Nadhani walidhani ni zawadi kubwa, na labda ilikuwa.

"Nenda wewe," alisema.

"Siwezi kwenda bila wewe, mama."

"Nenda. Wametuma watoto wa watu, si vizuri tiketi zioze."

Nilikwenda. Nilikaa kiti cha kumi na tatu. Wimbo wa sita ulipoanza hakuna aliyeinuka, na gizani msichana nisiyemjua alikuja akaniomba kiti kitupu kwa dakika moja tu. Alikaa, akauweka mwavuli wake katikati ya magoti, akafumba macho, na mwenzake akampiga picha. Nyuma yao walikuwa wamejipanga wengine sita. Mwisho wa safu alisimama mfagiaji mpya, mwanamke wa umri wangu, ufagio mkononi. Hakusikiliza kitu. Aliitazama saa yake, akautazama mlango, akaitazama tena saa. Pumzi ile ilipita, na sikuihisi.

Nyumbani nilimkuta juu ya ndoo, taa haijawashwa.

"Walijaa?" aliuliza.

"Walijaa."

"Na ule wimbo, waliukalia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

Alilishika goti lake kwa mikono miwili.

"Basi yule binti aliyewekwa pale," alisema, "alibakiwa na dakika kumi na tatu na nusu. Umemwambia aanzie nyuma?"

Sikuwa nimemwambia.