Makohozi Yangu Katika Kopo la Minza

Jamani, nichekeni tu, nimeshachoka kuificha hii aibu: mimi mwalimu mzima, ninayeheshimika, nilikohoa nikatema kwenye kopo la mwanafunzi nikalikabidhi kama lake.

Miaka ile ya soko huria kila mwalimu alikuwa na kabiashara kake, mimi nilikuwa na meza ya mitumba Buhongwa, na mchana ukinikuta shuleni roho inanidunda. Basi akaja Nesi Kabula shuleni kwetu Mkolani kupima watoto kifua kikuu, wanaokohoa akawapa vikopo vyenye majina yao watoe makohozi. Wote wakatoa isipokuwa Minza wa darasa la tano, anakohoa weee, hakitoki kitu. Nesi akaniambia, "Mwalimu, usimharakishe," akaenda darasa jingine. Nikangoja, jua likapanda, nikawaza wateja wangu wanavyopekua meza ya jirani, nikamrudisha Minza darasani, nikazunguka nyuma ya choo nikajikohoza mwenyewe (nilikuwa na kikohozi tangu masika, nikisingizia vumbi la chaki), nikafunga kopo, nikakabidhi, huyoo Buhongwa!

Majibu yakaja: Minza ana kifua kikuu.

Mungu wangu! Na bado nikanyamaza, mwoga mimi. Wenzake wakahama dawati, nyumbani wakamtengea sahani, siku moja akaniuliza, "Mwalimu, nitakufa?" nikajifanya nafuta ubao.

Sasa huyu Nesi Kabula, mwanamke wa shoka, nampa heshima zake mpaka leo. Alimtazama Minza anavyoruka kamba, akasema majibu na mtoto havifanani, akawa anaendesha baiskeli hadi kwao asubuhi tatu mfululizo, akasimama pale pale mtoto akikohoa. Safari hii makohozi yakatoka, akayapima: hamna ugonjwa. Akaitisha wazazi, walimu na watoto uwanjani.

"Kopo la kwanza halikuwa la Minza," akasema, taratibu kabisa. "Mwenye nalo ni mgonjwa, na yupo na hawa watoto kila siku. Nisaidieni nimpate."

Nikanyoosha mkono. Mwalimu, jamani, nimenyoosha mkono kama wa darasa la kwanza anayeomba kwenda kukojoa! "Ni langu mimi." Watoto wakaangua kicheko, mwalimu mkuu akainama, mama Minza akasimama: "Mwanangu amekula peke yake wiki nzima, kumbe ni wewe?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Nesi akamketisha mama yule, akanigeukia. "Umefanya vizuri kusema. Kesho asubuhi uje zahanati." Basi, hakunitukana hata neno moja.

Nikawa nameza dawa mbele yake kila asubuhi, ananiambia nifungue mdomo aone kama nimemeza. Lakini dawa haikuwa chungu kama kungoja, maana alianza kuwapima upya watoto wa darasa langu wote, mmoja mmoja, wale niliowakoholea miezi yote.

Siku aliyosema wote wazima nililia mbele ya darasa, kamasi na machozi, wala sikujali nani anaona. Mitumba nikamwachia shemeji. Siku hizi mtoto akinichelewesha, naketi naye mpaka amalize.