Mkono wa Kushoto wa Sweta la Mzee

Miaka tisa aliyoishi chini ya paa la baba mkwe wake, hakuwahi kusikia neno jema kutoka kinywani mwa mzee yule. Mwanamke huyu alikuwa mfua nguo wa hospitali, na nyumbani mzee alimwita Dobi. Dobi lete chai. Dobi funga mlango. Mumewe alicheka tu, akisema mzee ana utani.

Basi akaamua kumfumia sweta, amfumbe mdomo kwa wema. Mzee alikuwa seremala mstaafu; mkono wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, ukabaki umepinda kwenye kiwiko. Masweta ya dukani yote yalimfunika vidole vya mkono huo. Mchana mmoja, mzee akisinzia kwenye kiti chake, Dobi alimpima kwa kamba, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulipungua upana wa vidole vinne.

Alifuma miezi mitatu kwa sindano na uzi wa sufu wa kijivu, akijifungia chumbani kila akitoka kazini. Alianzia chini, akazungusha mwili mzima, akaunganisha mikono kwapani, akapanda mabegani hadi shingoni bila kushona popote. Fundo la mwisho akalifungia kolani.

Siku ya kumpa mzee, akaitwa kazini ghafla. Akamwachia wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kusalimia, amkabidhi. Aliporudi jioni akamkuta mzee amelivaa, anatabasamu kama bwana harusi.

"Binti yangu kanifumia," mzee akasema. "Mwenye mapenzi utamjua kwa mikono yake."

Wifi hata hakupepesa macho. "Nisamehe tu baba, huo mkono wa kushoto nilikosea, ukatoka mfupi."

Dobi akageuka, akaenda jikoni. Usiku mumewe akamwambia, "Achana nayo, ni sweta tu." Kauli hiyo hajamsamehe hadi leo, lakini mume tumwache, zamu yake ilikuwa bado.

Akangoja. Ukitaka kumjua mtu mwenye kinyongo cha kweli, mtazame anavyofua nguo za adui yake kwa utaratibu. Kila wiki alilifua sweta lile na kulianika kivulini. Na wifi kila akija alisifiwa upya, mpaka jirani mmoja akamwagiza la kwake.

Jumapili ya kikao cha ukoo, Dobi alilifungua fundo la kolani. Akauacha uzi unaning'inia, urefu wa kidole tu. Alimjua wifi yake: haoni uzi unaning'inia asiuvute. Mfumaji hathubutu kuvuta uzi wa kolani, ila wifi mfumaji alikuwa lini?

Ukumbi ulijaa mashangazi na wajomba. Wifi akamwona baba yake ameketi, akamjia kwa mbwembwe.

"Jamani baba, ngoja nikutengeneze. Kazi yangu mwenyewe hii."

Akauvuta. Uzi ukamfuata. Akavuta kwa nguvu zaidi ili ukatike, na kola nzima ikafumuka duru baada ya duru, mabega yakaachia, na mzee akabaki na fulana, uzi wa kijivu umemrundikia mapajani.

Dobi alikuwa tayari na sindano. Akampa wifi yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Shika wifi. Vitanzi hivyo vya uzi bado viko hai, ni kuvirudisha sindanoni tu. Wewe si ndiye fundi?"

Wifi akazishika sindano kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Shangazi mmoja akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Wifi akatoka analia. Raha aliyoisikia Dobi haikuwa ndogo, na sitamsingizia kwamba alijuta.

Watu walipoondoka, mzee akasema taratibu, "Siku ile uliponipima kwa kamba, nilikuwa macho."

Dobi akasimama. "Kumbe ulijua? Tangu siku ya kwanza?"

"Yule ni binti yangu. Ningemwaibishaje?"

"Na mimi?"

Mzee alijifunika kwa kile kilichobaki. "Nasikia baridi," akasema. "Nifumie tena, mkwe wangu."

Mkwe wangu! Miaka tisa alilingoja neno hilo, na lilipokuja lilimkuta ameshapoa.

Alifuma. Wiki tano, uzi uleule. Mzee akalivaa mbele yake. Mkono wa kulia ukaishia kifundoni. Wa kushoto ukapita kiganja, ukapita vidole, ukaning'inia. Mzee akautazama mkono ule, akamtazama mkwewe. Kisha akaukunja mara mbili, polepole.

Siku hizi wageni wakiuliza nani fundi, mzee hujibu upesi, "Mke wa mwanangu." Wakiuliza mbona mkono mmoja umemzidi, hunyamaza. Kunyamaza anakuweza.