Benchi Nyuma ya Maiki

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bukoba mjini, Fundi Mkuu wa redio hakuniuliza cheti. Vizuri, maana sikuwa nacho; shule niliiachia darasa la tano. Nilikuwa mbeba spika za harusi, na hakukuwa na mbeba spika kama mimi kati ya Bukoba na Muleba. Aliweka maiki mbili mezani, akanivika hedifoni, akasema, "Usiniambie ipi nzuri. Niambie unasikia nini."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kwenye ile ya kwanza, kondensa, ambayo hula umeme kutoka kwenye miksa, nilisikia mvua, magari ya barabarani, hata tumbo la Fundi Mkuu. Ya pili ilikuwa dainamiki. Ndani yake kuna utando mwembamba uliobeba koili ya waya. Sauti ikiusukuma utando, koili inacheza kwenye sumaku, na umeme unazaliwa humo humo. Hiyo iliusikia mdomo uliokuwa mbele yake, mengine ikayaacha yapite.

"Ile ya kwanza inasikia mpaka tumbo lako, bosi."

"Basi masikio unayo. Kesho uje."

Masikio hayo yamenilisha. Mhariri wa Vipindi alinituma Rubya, akanituma Kimwani, kila penye mkutano na kelele. Baadaye nikafungua studio yangu mwenyewe, ya kwanza Muleba kurekodi podikasti, na anayebisha aje. Vijana wananiuliza wanunue maiki gani. Mimi nawauliza: nyumba imeezekwa kwa kitu gani? Jirani ana mbuzi? Msemaji ana sauti nene au nyembamba? Kama ni chumba cha mabati chenye mwangwi, chukua dainamiki. Iweke umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, uielekeze kidogo pembeni ili pumzi za "p" na "b" zisiigonge. Ukiipa kisogo, haikujui.

Hilo la kisogo nilikuwa nalijua kwa kichwa tu. Kulielewa, nililielewa Kamachumu.

Adela, mzaliwa wa Kamachumu anayefanya kazi Mwanza, alinipigia simu. Mama yake, Ma Kokushubira, mwanakwaya wa Kilutheri tangu usichana wake, alikuwa anakwenda kupasuliwa koo Jumatatu, na daktari alishawaambia wazi kwamba huenda sauti isirudi. Adela alitaka wajukuu wabaki na sauti ya bibi yao akieleza jinsi ukoo ulivyohamia pale. Tulikuwa na Jumamosi tu, maana Jumapili angesafirishwa kwenda hospitali.

Nikafika na dainamiki yangu, mvua nayo ikafika. Sikujali. Nikasimamisha stendi mbele ya Mama, ngumi moja, safi. Akaanza, "Baba mkwe wangu alitoka..." Hodi! Jirani amekuja kumpa pole. Mama akageuka, akamsalimia, akaendelea kumsimulia huyo aliyeketi mlangoni, na kwenye hedifoni sauti ikakonda kama inatoka kisimani. Nikamgeuza. Akaja mwingine, akakaa dirishani. Mama naye akaelekea dirishani.

"Adela, funga mlango," nikasema.

"Nifunge? Mgonjwa akifungiwa mlango, kabla ya jioni watu watakuja kulia msiba."

"Basi Mama asiwasemeshe."

Mama akacheka. "Waitu, mwanangu, mtu aje kwangu nimpe kisogo? Wewe ulilelewa wapi?"

Hapo nikaiachia stendi. Nikaitazama shingo yake inavyozunguka, inamfuata kila mtu pale alipo. Muda wote nilikuwa nahangaika kumgeuza yeye, kumbe mama wa watu anazungumza na nyuso, hazungumzi na chuma. Nikalibeba benchi la ukutani, nikaliweka nyuma ya maiki. Kila aliyeingia nikampeleka pale. "Karibu, kaa hapa, Mama akuone vizuri."

Wee! Shingo ikatulia. Akawatazama wageni wake, na maiki ikawa katikati. Mvua ikabaki juu ya mabati huko. Na wageni nao hawakukaa kimya.

"Ma Koku, hapo unadanganya! Mkwe wako alikuja na ng'ombe mmoja tu."

"Wawili! Mmoja si ulimla wewe kwenye harusi yangu?"

Sauti zao zikasikika kwa mbali kidogo, yake karibu, imejaa, kama amekaa begani kwako. Alisimulia mpaka jioni, akamalizia na ubeti wa wimbo bila kuombwa.

Alipasuliwa, akapona. Sauti haikurudi, uliobaki ni mnong'ono. Wajukuu wanaisikiliza ile rekodi, wanacheka palepale benchi linapocheka.

Mimi nimestaafu mapema. Spika za harusi zililimaliza sikio langu la kushoto, studio anaiendesha binti yangu, na nina migomba ambayo huwezi kuipita bila kusimama. Ila jambo moja bado nalichunguza: mtu husema kwa mdomo wake, au kwa uso wa anayemsikiliza? Nikipita Kamachumu naingia kwa Mama, navuta kigoda mpaka magoti yetu yanagusana, namsogezea sikio la kulia, naye ananinong'oneza, taratibu, yale ambayo siku ile aliona haya kuyasema mbele ya watu.