Panya wa Karatasi ya Dawa

Kwenye duka moja la dawa mjini Lodwar, mwaka huu wa 2013, nilisimama nyuma ya mzee aliyebeba fimbo na kigoda. Aliweka pakiti ya vidonge vya amiba kwenye kaunta, akaisukuma kwa kidole kimoja kama kitu kinachouma.

"Chukua dawa yako. Msichana yangu amesoma karatasi ya ndani. Inasema panya ilikula hii, ikapata kansa. Bibi yangu tumbo inamwendesha mpaka damu, lakini nimemkataza."

Mama mwenye duka hakucheka. "Ni kweli, mzee. Lakini hao panya walilishwa nyingi, maisha yao yote. Bibi yako atameza siku chache tu."

Mzee alikuna kisogo kwa ncha ya fimbo.

"Sisi tukichinja mbuzi tunasoma matumbo kujua mambo inakuja," akasema. "Lakini mbuzi ya Nakalale haisemi mambo ya boma ya mbali, kule Kapedo. Inasema tu, angalia."

"Na panya anasema hivyo hivyo. Ndiyo maana siuzi hii kama peremende. Lakini ukiiacha, amiba itammaliza."

Mzee akaichukua pakiti, safari hii kwa kiganja kizima.

Wanaoandika zile karatasi wangetuambia pia panya alikula kiasi gani, wangetupunguzia hofu.

Juma lililofuata nilikutana naye sokoni, nikamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mzee. Mama nyumbani anaendeleaje?"

Akashusha pumzi. "Ameanza kunigombeza tena."