Nilimjibia Mke Wangu Asiyekuwepo

Ndugu zangu, kosa ni langu peke yangu. Simsingizii shetani, sisingizii pombe. Siku ile nilikuwa na akili zangu timamu, nikamnyang'anya mke wangu maisha tuliyoyapanga pamoja!

Mimi ni mkazi wa Lipangalala, hapa Ifakara. Tulipooana, kanisani kulikuwa na semina ya wanandoa wapya. Mwalimu akatuambia kila mtu amweleze mwenzake anathamini nini kuliko vyote, kisha tupange malengo yetu kufuatana na hayo, tusiige majirani.

Mke wangu, tumwite Mama Neema, hakusita. "Mimi nataka kuuguza watu," alisema. Mdogo wake alifia mgongoni kwake kwa homa, akiwa amembeba kutoka kwao Mkula kwenda barabarani kutafuta gari. "Mama akifika na mtoto mgonjwa, nataka niwe mtu anayejua cha kufanya."

Mimi nikasema nathamini familia. Uongo mtupu! Nilichokuwa nakitamani ni nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, watu wapite waseme huyu kijana kaweza. Niliona aibu kulisema hilo mbele ya mwalimu.

Tukakubaliana: kwanza yeye asomee uuguzi, nyumba itafuata. Akaomba nafasi katika chuo cha uuguzi cha hospitali hapa mjini, tukawa tunasubiri.

Neema akazaliwa. Tulikuwa tunalima mpunga Namawala, na msimu mmoja ulikubali kweli kweli. Mama Neema akahamia shambani na mtoto kulinda mpunga usiliwe na ndege. Mimi nikabaki mjini nafyatua matofali.

Ndipo akaja Sista mmoja wa pale chuoni, akanikuta nimejaa tope mpaka magotini.

"Mkeo amepata nafasi," akasema huku anatabasamu. "Kuna binti amejitoa. Ila aripoti wiki hii hii, la sivyo tunampa mwingine."

Jamani! Badala ya kufurahi, nikaanza kupiga hesabu zangu. Akiondoka, nani atafukuza ndege? Nani atavuna? Bati nitalitoa wapi?

"Sista, mke wangu ameghairi," nikasema. "Siku hizi anataka kulea tu."

"Ameghairi? Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo, Sista. Mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akapanda baiskeli yake akaondoka. Mimi nikarudi kwenye udongo wangu. Namawala si mbali. Ningeondoka saa ile, jua lisingezama kabla sijafika! Lakini sikwenda.

Tukavuna vizuri. Nyumba ikaezekwa bati. Mara kwa mara Mama Neema aliniuliza, "Hivi wale watu wa uuguzi wamenisahau?" Nami namjibu, "Vumilia, mama, watakuita." Namjibu hivyo nikiwa nakula wali aliopika yeye!

Kisha Neema akashikwa na malaria kali. Mama yake akampeleka hospitali, na namshukuru Mungu mtoto alipona. Ila huko wodini walikutana na yule Sista. Sista akamuuliza kwa upole tu, kwa nini alikataa nafasi yake.

Alirudi nyumbani mtoto amelala begani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga!

"Ulimwambia Sista kwamba nimeghairi?"

"Mke wangu, hii nyumba nilikuwa nawajengea nyinyi..."

"Nimekuuliza. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu mpya. "Ungeniambia hutaki niende, tungegombana yakaisha. Sasa nitajuaje mangapi mengine umenijibia?"

Kesho yake alimbeba Neema wakaenda kwao Mkula.

Nilimfuata. Baba mkwe nilimkuta uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hapa hakuna aliyekufukuza, mwanangu. Ila kama unataka kujua atarudi lini, muulize mwenyewe. Sisi hatumsemei."

Ndugu zangu, ardhi ingepasuka ningeingia! Mama Neema alitoka, akanisalimia kwa heshima, akanipa mtoto nimpakate. Akasema anasaidia kupima watoto uzito kwenye zahanati. Aliomba chuo tena, hakupata. Kuhusu kurudi alisema, "Bado sijui." Mpaka leo jibu ni hilo hilo.

Nyumba imekwisha. Wapita njia wananipa hongera. Mimi jioni naingia ndani, nakaa chumba kimoja, vingine sivifungui.

Wewe unayepanga maisha na mwenzako, usitaje kitu kizuri ili usikike mtu mzuri. Kama unachokitaka ni bati, taja bati, mbishane mkiwa bado mnaaminiana! Na kama sasa hivi kuna habari ya mwenzako umeikalia, inuka ukampe leo. Akiipata kwa mtu mwingine, hata ukweli utakaomwambia baadaye hatauamini tena.