Ng'ombe wa Mzee Mniko

Modesta aliwajua watu wengi wa Kemange kwa miguu yao kabla hajawajua kwa majina. Kazi yake pale kituo cha afya ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta kila kilichompata mgonjwa, na kwa mguu uliovunjika haikutosha kuandika kwamba mguu umevunjika. Ilitakiwa ijulikane ni wa kulia au wa kushoto, mfupa gani, ngozi imepasuka au iko salama, mtu anakuja mara ya kwanza au anarudi, kisha nini kilimvunja na alikuwa wapi. Kila jibu lilikuwa na namba yake. Modesta aliishia kidato cha nne, akasomea kazi hiyo Musoma kwa muda mfupi watoto wakiwa wadogo, na mpaka leo mvi zimeanza kumtoka bado alirudia kusoma kila alichoandika, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango.

Sehemu moja tu alikuwa haisomi mara mbili, nayo ni ile ya sababu. Walikuwepo wachimbaji walioangukiwa na mawe upande wa Nyangoto, na walikuwepo walioanguka na bodaboda. Wanaume wengine wote, ukiwasikiliza, walikanyagwa na ng'ombe. Aliyepiga teke mlango kwa hasira alikanyagwa na ng'ombe. Aliyetoka kilabuni akakosa kidaraja, ni ng'ombe. Kuumizwa na ng'ombe wako si fedheha kwa Mkurya. Ni njia ya kuwakumbusha watu kwamba unao. Modesta alizoea hivyo hata vidole vyake vikawa vinabonyeza W55, namba ya kuumizwa na mnyama, mgonjwa akiwa bado anatafuta pa kukaa.

Ndivyo vidole vilivyofanya wiki ya harusi ya binti yake Sarah, pale bodaboda ilipomshusha mlangoni baba yake Modesta mwenyewe, Mzee Mniko, mguu wa kushoto umevimba kama kiazi.

"Ng'ombe, tata?" Modesta aliuliza, roho juu.

"Ng'ombe," mzee alijibu, akatazama ukuta.

Ikaandikwa.

Mguu ule haukuwa mguu wa mzee peke yake. Ujanani Mniko alicheza ritungu, ngoma ya Wakurya, mpaka watu wa Mugumu wakamfuata, amevaa vile viatu vya mbao vizito vyenye soli nene kama tofali. Tangu Sarah akiwa wa kubebwa mgongoni, babu alimwahidi kwamba siku ya kutoka nyumbani kwenda kwa mumewe atamtangulia hadi getini kwa miguu yake. Sarah hakuomba gari la kupambwa wala keki ya ghorofa. Aliomba babu. Na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, keshokutwa.

Daktari Faridu, kijana wa Tanga mwenye sauti ya upole, aliitazama picha ya eksirei, akasoma alichoandika Modesta, akakunja uso. Alieleza kwamba mfupa mrefu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho umevunjika, ndiyo, lakini uzito wa ng'ombe huponda katikati ya mguu, na yaliyopondeka kule ndani picha yao ndogo huenda isiyaonyeshe. Hawezi kubahatisha. Mzee afungwe hogo la plasta mpaka chini ya goti, asikanyage kabisa, na kesho asubuhi apelekwe Mwanza kwa vipimo vikubwa.

"Na Jumamosi?" mzee aliuliza.

"Jumamosi utakuwa umelala, mzee wangu, mguu juu ya mto."

Mniko alishika kofia yake kwa mikono miwili, na Modesta, aliyewahi kumwona akizika ndugu bila kutoa chozi, aliona kidevu chake kikitetemeka. Akajifanya anatafuta kalamu.

Alirudi kwenye kompyuta kumalizia rekodi ya rufaa, kwa kuwa kazi ni kazi. Ilibaki sehemu ya mahali. Akauliza ilikuwa wapi. Zizini, mzee akasema. Wakati huo mama yake Modesta, Bibi Gati, alikuwa ameingia na chupa ya uji, hajavua hata kanga ya kichwani.

"Zizi gani?" bibi akauliza.

"Zizi letu."

"Baba Modesta, ng'ombe wote wako malishoni Mbalibali kwa Joram tangu majani yalipokauka. Zizini pale kuna kuku wangu na mtetea mmoja anaatamia. Amekukanyaga mtetea?"

Daktari aligeukia dirishani, mabega yakicheka. Modesta aliitazama ile W55 kwenye kioo. Alikuwa ameiandika yeye, tena kwa baba yake, bila hata kuuliza rangi ya huyo ng'ombe.

"Tata," alisema polepole, "wakikupeleka Mwanza watatibu nilichoandika. Niambie mimi."

Mzee alimtazama mkewe kwanza. Ndipo ukweli ukatoka. Kila jioni bibi akienda kuteka maji, mzee alikuwa akivaa viatu vya mbao nyuma ya ghala, akijifua kwa ajili ya Sarah. Bibi alikuwa ameapa kuvichoma akimwona navyo tena, kwa umri ule. Jana alirukia jiwe, kiatu kikalala upande, mguu ukapinda kwa ndani, akasikia kitu kikikatika ndani.

Daktari Faridu alirudi kwa mguu ule kama vile anauona upya. Alibonyeza katikati, juu, chini, akimtaka mzee aseme panapouma. Paliuma pale pembeni tu. Akaitazama picha tena, uso ukafunguka. Mguu ukipinda hivyo, alieleza, kano huvuta na kunyofoa kipande cha mfupa. Wacheza ngoma hupatwa nayo dunia nzima. Hogo halihitajiki, wala Mwanza. Kiatu maalumu chenye soli ngumu, magongo, na kukanyaga taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu.

"Kucheza?" mzee akajaribu.

"Mabega tu."

Modesta alimfuta ng'ombe. Akaandika kujipinda mguu katika ngoma, nyumbani, nyuma ya ghala. Akasoma mara mbili, halafu mara nyingine kwa raha tu.

Jumamosi litungu, zeze la ngoma ile, lilipolia, Mzee Mniko alitoka mbele ya Sarah na magongo yake, kiatu kimoja cha ngozi, kingine cha hospitali. Mzee mwenzake Mogesi alimpigia kelele toka kwenye viti kumuuliza kama huyo ng'ombe wake ana kwato za mbao. Watu wakaangua kicheko, naye mzee akajibu kwa mabega, yakapanda na kushuka mpaka vigelele vikafunika nyuzi.

Mama wa bibi harusi alitakiwa amtazame bibi harusi. Modesta alitazama mguu wa kushoto, hatua kwa hatua, mpaka getini. Hapo ndipo alipoinua macho akamwona mama yake, Bibi Gati, akicheza nyuma yao wote, ameviinua juu ya kichwa vile viatu vya mbao, kimoja mkono huu, kingine mkono ule.