Picha Namba Kumi na Saba

Shemeji yangu Norbert Haverkamp alikuwa fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto hapa Kenosha, mji wa Marekani kando ya ziwa, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemwogopa. Kisha ziwa likatapika ndege. Ilikuwa ya jeshi la majini, ya wakati wa vita vya pili vya dunia, aina ile iliyoshuka wima kama mwewe na kuachia bomu. Siku walipoivuta ufukweni, kabla watu wa makumbusho hawajaibandika bati jipya na rangi yao ya uongo, Norbert alikuwepo na kamera. Tangu siku hiyo hatukupumua.

Sisi ni wazee wa kuunganisha ndege ndogo za plastiki. Cheka ukitaka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana ukumbini chini ya kanisa, tunakula soseji na kutukanana kuhusu rangi. Kwetu kosa la milimita moja ni jinai, na hakimu alikuwa Norbert na albamu yake. Picha namba kumi na saba, ya pekee iliyoonyesha kitundu cha hewa, ilikiweka ubavuni kulia. Watengenezaji wa maboksi ya vipande vya plastiki walikiweka kushoto. Basi miaka ishirini na miwili tuliziba cha kushoto tukatoboa cha kulia, kwa kuwa Norbert kasema. Aliyebisha aliondolewa katika mashindano yetu ya kila mwaka.

Mwaka jana akaja Irene Pavlik, muuguzi wa kliniki ya meno. Baba yake alikaa kiti cha nyuma cha ndege kama ile, na bunduki, na hakurudi. Irene alikuwa ameitengeneza ndege yake kwa miezi kumi na minne ili iwekwe mezani siku ya mashindano kwa jina la baba yake. Kitundu alikiacha kushoto.

"Bibie," Norbert akasema siku hiyo mbele ya watu wote, "hii wapelekee wajukuu wakachezee."

"Nimefuata maelekezo ya boksi."

"Boksi! Boksi lilikuwepo ziwani? Mimi nilikuwepo!" Akaisukuma ndege ya Irene kando, akabamiza albamu mezani. "Soma hapo. Halafu ondoa takataka yako."

Uso ulimwiva Irene, lakini aliinama akaitazama picha namba kumi na saba. Alitazama muda mrefu kuliko tulivyozoea sisi.

"Huu mkono ulioshika fimbo ya kipimo ni wa nani?"

"Wa mke wangu Lucille, Mungu amrehemu. Usitafute pa kutokea."

"Mbona pete ya ndoa iko mkono wa kulia?"

Kwetu pete ya ndoa huvaliwa kushoto. Na wote tulizeekea kwenye slaidi, zile filamu ndogo za picha; tunajua ukiichapisha moja ikiwa imegeuzwa, kushoto huwa kulia, kwa pete na kwa kitundu.

"Lucille alipenda kuivaa kulia," Norbert akasema.

Lucille alikuwa dada yangu mkubwa, tumbo moja.

"Muongo wewe!" nikasema. "Shemeji, nilisimama kanisani ukimvisha. Na siku ya mazishi ulilia kwamba pete imebana, haitoki, tumzike nayo. Ilibana kidole cha mkono gani? Sema, watu wasikie!"

Norbert aliinamia picha, akaweka kidole juu ya ule mkono.

"Kushoto," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naangalia kitundu."

Nilitaka kumcheka. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa miaka. Lakini na mimi picha ile nilikuwa nimewekewa mbele mara mia, na kila mara nilipima umbali wa kitundu kutoka kwenye ubawa. Ule mkono ulinilea, na sikuutambua mpaka mgeni alipouuliza.

Norbert akaifunga albamu, akavaa koti, akapanda ngazi. Watu walinitazama wakidhani nitamfuata, kwa kuwa ni ndugu. Sikumfuata. Nilisukuma sahani ya soseji kando, nikairudisha ndege ya Irene katikati ya meza.